Mkanda wa Malkia wa Nyota

Fundi wangu wa zamani aliniambia, mbele ya wateja waliojaa barazani kwake, kwamba mikono yangu ni ya kusuka makuti, si ya kushika hariri. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu zangu na mke wangu nyumbani. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikujua kusoma futi ya kupimia. Nimetoka Makunduchi na darasa la tatu, basi nikipima kwa uzi, kila kipimo na fundo lake. Siku hiyo aliukamata ule uzi akauinua juu.

"Tazameni! Mtu wa shamba anapima watu kama anafunga mbuzi!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikachukua mkasi wangu nikaondoka. Tangu hapo nilikuwa na haja moja ambayo sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu: nimwone yule mzee anaaibika mbele za watu, kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Leo nina duka langu Mkunazini na vyerehani vinne, na hakuna aliyenishika mkono. Nusu ya maharusi wa mji huu nimewavika mimi. Nusu nyingine wanajuta.

Sasa, yupo bibi mmoja wa Kizungu anayeishi Shangani miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wangu. Yeye na wenzake, wageni wanaokaa pwani ya Paje na vijana wa mjini waliosoma, wana chama chao cha wapenzi wa hadithi za kubuni: mazimwi, wachawi, watu wanaopanda vyombo kwenda kwenye nyota. Mara moja kwa mwaka hukodi nyumba ya kale yenye ua mpana ndani, wakavaa kama watu wa hadithi hizo, wakashindana kwa mavazi. Na kila mwaka bibi huyu hucheza dansi ya tumbo.

Alipokuja dukani nilimuuliza waziwazi. "Bibi, nyota na kukata kiuno vimejuana wapi?"

Akacheka. "Fundi, mtunzi akitaka kukuonyesha kuwa umefika mbali, nyota ya mwisho kabisa, anakutilia mkahawa. Ndani ya mkahawa anakutilia mwanamke anayecheza. Hajui huko wanacheza vipi, basi anaazima dansi ya Waarabu."

"Kwa hiyo nyota zote zina Waarabu?"

"Wachezaji tu! Halafu sisi tunaopenda hadithi hizi tunapenda kujishonea. Vazi la dansi lina sarafu, lina shanga, linalia ukitikisika. Vazi gani jingine litashinda hilo? Lakini wapo wenzetu wanaotusema. Ati wacheza tumbo hawasomi, wamekuja kujionyesha. Mimi vitabu vyao nshavisoma vyote, na bado naambiwa sijasoma."

Hapo nikampenda kama dada yangu.

Mwaka huo alitaka kuwa malkia wa nyota isiyo na jua, na wajakazi sita nyuma yake. Mavazi ya wajakazi akanipa mimi nishone. Mkanda wa malkia, wenye sarafu safu tatu, akampa yule mzee, fundi wangu wa zamani, kwa sababu kila aliyemuuliza pale mjini alimtajia yeye. Nilisema ahsante bibi. Ndani nilikuwa nawaka moto.

Kwetu fundi mwanamume hamzungushii mwanamke uzi kiunoni. Mteja analeta nguo yake ya zamani, fundi anaipima hiyo. Yule mzee ndivyo alivyofanya, na kwa kanzu au gauni hakuna ubaya. Akaletewa sketi, akapima pale sketi inapofungwa, kwenye kiuno chembamba. Lakini mkanda wa dansi ile haukai kiunoni. Unakaa chini, juu ya nyonga, na nyonga ikicheza si ile iliyosimama.

Mimi nimeoa mwanamke anayezijua ngoma za ndani za wanawake wa kusini. Aliwafungia mlango wale sita na malkia wao pamoja, akaniambia kaa nje. Akawachezesha na uzi mkononi. Fundo moja mtu akiwa ametulia, fundo la pili nyonga ikitoka, fundo la tatu akivuta pumzi. Alipotoka alinipa nyuzi saba.

"Wajakazi ni sita," nikamwambia.

"Najua kuhesabu," akasema. "Shona."

Nikashona mikanda saba.

Siku yenyewe, baada ya sala ya adhuhuri, nilimkuta mzee kwenye ile nyumba ya kale, nyuma ya pazia la uani, anaupiga mkanda wake pasi. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilipoutupia jicho mara moja tu nilijua ni mfupi, na kulabu zake mbili zimeshikwa na uzi wa pamba mmoja mmoja. Aliniona nikitazama.

"Ee, mtu wa shamba! Umekuja kujifunza?"

"Naam, fundi," nikasema. "Nimekuja kujifunza."

Ningeweza kumwambia. Dakika kumi zingetosha kuongeza kipande nyuma. Nikanyamaza, na mpaka leo sijutii.

Ngoma ikaanza. Malkia akatembea, mkanda ukakaa. Akanyoosha mikono, ukakaa. Mzee akawa anatikisa kichwa kwa watu kama aliyejifungua yeye. Halafu ile nyonga ikatoka mara moja, tak! Kulabu zikaruka, mkanda ukaanguka, sarafu zikatawanyika uani na watu wenye pembe na mabawa wakawa wanaziokota. Yule bibi hakusimama. Alirudi nyuma huku anacheza mpaka akaingia nyuma ya pazia, uso mwekundu, machozi yanamlengalenga.

"Basi tena," akasema. "Wale wanaotusema watasema walijua tu."

Mke wangu akamfunga mkanda wa saba kabla hajamaliza kusema. Bibi akarudi uani akatikisika mpaka kuta zikaitika, haukulegea hata uzi mmoja. Wakasimama wote kumshangilia, hata wale wanaomsema. Alipopewa zawadi yake aliulizwa nani kamshonea. Akanyoosha kidole kwangu. Hakumtazama mzee hata kidogo.

Mzee alinifuata mlangoni, kofia mkononi. Sijapata kumwona bila kofia.

"Mwanangu, ule uzi ulikuwa mbovu. Wa duka. Unajua siku hizi nyuzi."

"Uzi ulikuwa mzima, fundi. Kipimo ndicho kibovu."

"Haya, kipimo. Mimi mtu mzima, nna wajukuu. Hawa ni wageni, watasahau. Nakuomba, yasifike sokoni Darajani."

Alikuwa ananishika mkono. Nikautoa mkono wangu taratibu, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo sana. Nikamwachia mke wangu mabegi, nikashika njia ya Darajani kwa miguu. Nilianza kwa muuza vifungo, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo mpana kuliko wote, na mpaka adhana ya magharibi inatolewa nilikuwa nimeshapita maduka kumi na moja.