Vishanga Kwa Tone la Maji

Hapana, mwanangu, vile vishanga kujipanga si uchawi. Ni stima tu. Na Mama Njeri hajanikasirikia, si unamwona hapo akimaliza sukari yangu? Lakini kuna siku moja nakumbuka. Kaa nikuambie.

Wakati wa vita ya uchaguzi, Mama Njeri wa duka alikuja mbio kwa geti yangu hapa Kapseret, na watoto wawili, akifukuzwa kwa sababu ya kabila lake. Ilikuwa mchana kweupe. Majirani wote walikuwa wamefunga, na mimi nikafunga. Nilisimama nyuma ya mabati nikimsikia, "Mama Kiprop! Mama Kiprop!" mpaka sauti ikaenda mbali. Mungu alimficha, yeye na watoto. Aliporudi kufungua duka, nikaanza kumpelekea maziwa kila asubuhi. Miaka mingi, maziwa tu. Nilidhani maziwa itaniongelea.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Yangu ilikuja na koti nyeupe. Jepkosgei, mjukuu wangu wa chuo, alituita mimi na Mama Njeri tuone kazi yake. "Kogo, usiguse! Kogo, usipumulie!" Nyanya yake anafokewa hivyo, kama ng'ombe imeingia kwa mahindi. Kwa tone la maji alikuwa ameweka vishanga vidogo kushinda unga, na waya mbili kando. Nikachungulia kwa ile mashine ya kukuza vitu vidogo: zinarandaranda kama kuku. Akawasha stima. Wacha! Zikajipanga mistari, kama watoto wa nasari wakiona mwalimu.

"Nani amezipanga?"

"Hakuna mtu, Kogo. Stima ikipita, kila moja inavuta mwenzake, zinajipanga zenyewe."

Akazima. Zikatawanyika, kama hakuna kitu imefanyika. Mimi nikafurahi! Nikaona hapa ndipo pa kutokea.

Mwanangu, ukikosea, sema "nimekosa" na mdomo wako. Usitume maziwa, na usitafute wa kusingizia. Mungu akupe jirani wa kukuambia ukweli na bado anywe chai yako. Mimi alinipa.

Maana nilimgeukia nikicheka: "Ona, Mama Njeri, hata sisi ilikuwa hivi tu. Wakubwa waliwasha stima, tukajipanga."

Akaondoa jicho kwa mashine, akafuta miwani na leso, pole pole.

"Hizo ni vishanga," akasema. "Wewe ni mtu, na ulifunga."