Mikono Iliyobeba Barafu ya Kibo

Nakumbuka siku ile mume wangu Elia aliposhuka kutoka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwanangu, nami niko kitandani nimejifungua, hata wiki haijaisha. Mtoto huyo tulimngoja miaka mingi, majirani zetu wa Old Moshi walikuwa wameshachoka kutuombea. Nikamnyanyua nimpe baba yake. Elia akarudi nyuma, akaficha mikono, akaenda kulala kwenye banda la ng'ombe.

Nilichanganyikiwa. Kosa langu nini? Au ananishuku? Mtori wa ndizi niliopikiwa ukanishinda kumeza, maziwa yakaanza kupungua. Mara nalia, mara nawaza nimfunge mtoto mgongoni nirudi kwetu Kahe. Kuuliza sikuuliza. Kiburi tu, mwanangu.

Mama mkwe akatuchoka. Akamwita Elia mlangoni, mbele yangu. "Mtoto huyu unamkataa?"

Elia akaangua kilio. Kumbe aliwabebea watafiti barafu waliyoichimba kileleni, na mkalimani wao alimweleza kuwa humo wanatafuta tabaka lenye mionzi. Zamani mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia, vumbi likapaa, likaja kuanguka pamoja na theluji. Wakilipata tabaka hilo, watajua barafu iliyo juu yake ni ya baada ya mabomu, na iliyo chini ni ya kabla.

"Nimeibeba mabegani, Mama. Nitamshikaje mtoto?"

"Hilo vumbi liliangukia mlimani tu?"

"Alisema dunia nzima."

"Basi mimi nilikuwa msichana, napalilia kahawa, mvua yake ikaninyeshea. Kisha nikakuzaa wewe. Nilikubeba, sikukubeba?"

Elia akaenda kuteka maji. Aliosha mikono, akaiosha tena, akampokea binti yake. Baadaye mkalimani alimhakikishia kuwa mionzi hiyo ni kidogo mno, hata mashine huitafuta kwa shida. Mimi mpaka leo sielewi vizuri umri wa barafu unasomwaje kwa uchafu wa bomu, wala kwa nini mabomu ya watu wa mbali yatufuate hadi Kibo. Nikifikiria sana kichwa kinauma.

Ila hili nalijua, mwanangu: mwenzako akirudi nyuma, muulize anaogopa nini kabla hujaamua kwamba hakupendi. Mimi nilibakiza kidogo nirudi Kahe, na binti yangu angekua akiamini baba yake alimkataa, kumbe alilala kwenye samadi kwa kumpenda. Mungu akupe mdomo wa kuuliza, na akupe moyo wa kulisubiri jibu.