Aiskrimu Iliyofika Nshamba Bila Kuyeyuka

Harufu ya maziwa yanayochemka pamoja na iliki ilikupokea kabla hujafika mlangoni kwa Bi Salma, mjini Bukoba. Aiskrimu yake aliipika kwanza kama uji: maziwa, mayai na sukari kwenye moto mdogo, akikoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito, ndipo aupoze na kuugandisha. Msimu wa kahawa Tata, yaani baba yangu, alikuwa na safari nyingi za mjini, na kila aliporudi alijaza aiskrimu hiyo kwenye chupa ya chai ampelekee mama yake nyumbani kwetu Nshamba. Bibi alikuwa akiugua koo. Ndizi hazikupita tena hata zikipondwa, na uji aliumeza huku machozi yakimtoka. Chakula cha Bi Salma ndicho pekee kilichoteremka bila kumuumiza.

Bila shaka hakikufika kikiwa aiskrimu. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, gari lilisimama kila penye abiria, na Tata alipofungua chupa yalimiminika maziwa mazito ya rangi ya manjano, yenye ubaridi kidogo. Tata aliona aibu kila mara. Bibi alicheka. "Mjini wameyagandisha, barabara ya Muleba imeyayeyusha," alisema. "Lete kikombe, waitu," akaongeza, kwa neno letu la Kihaya la kuitana kwa upendo na heshima. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe kwa sababu mikono yake ilitetemeka. Siku kama hizo alipata hata sauti ya kuwafukuza kuku sebuleni.

Katikati ya msimu huo Tata alirudi akipaza sauti tangu kwenye migomba: "Imefika imesimama!" Mkononi alikuwa na kopo la plastiki lenye picha ya ng'ombe kwenye mfuniko. Bi Salma alikuwa ameacha kupika; maziwa yamepanda bei, alimwambia Tata, na wateja wanataka hizi za kiwandani. Tulizunguka lile kopo kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Jua lilikuwa kali, lakini ule mlima mweupe haukudondosha hata tone. Tulipiga makofi. Nilimlisha Bibi kijiko cha kwanza. Alikiweka mdomoni muda mrefu, kisha akakisukuma nje kwa ulimi na kujifuta ufizi kwa pindo la kanga.

"Haya si maziwa," akasema. "Yananata kama mafuta ya kujipaka."

"Mama, ni ileile, tena hii ni bora," Tata akamjibu. "Si unamwona ng'ombe huyu hapa?"

"Huyo ng'ombe mmemkamua wapi?"

Tulicheka sana. Shangazi Kokugonza, aliyekuwa akimuuguza, akamshika bega kwa upole. "Ni ugonjwa, mama. Mtu akiumwa hivi, mdomo hubadilika."

Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini Bibi aliacha kutabasamu. Aligusa midomo yake kwa vidole, akauliza polepole, "Kumbe umeshafika hadi kwenye ulimi?" Tangu siku hiyo hakuulizia tena kikombe, wala hakubishana na mtu kuhusu ladha ya kitu chochote. Alikubali chumvi ikizidi, alikubali chai isiyo na sukari. Alikula kidogo, kisha kidogo zaidi, na tulimzika kahawa ya mwisho ikiwa bado juani kwenye majamvi.

Niruhusu nieleze jambo ambalo hatukuwa na mtu wa kutueleza. Aiskrimu ya maziwa hubeba mafuta ya maziwa, ambayo huyeyuka kwa joto la mdomo tu. Mafuta hayo ni ghali. Mtengenezaji akiyaondoa, huweka mafuta ya mawese, unga wa maziwa kiasi, vitu vya kuifanya iwe nzito, na hewa nyingi. Hiyo husimama juani, na huacha utando mdomoni. Si sumu, usiogope, wala usijilaumu ukiwa umewanunulia watoto wako. Geuza tu kopo usome maandishi madogo: kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Kwenye makopo ninayoyaona Bukoba siku hizi, mara nyingi maji ndiyo hutangulia, na maziwa yako mbali. Nilipoanza kusoma hivyo, nikiwa mtu mzima, nilisimama mbele ya jokofu la duka nikashindwa kuendelea na manunuzi. Siku ile, ulimi wa Bibi ulikuwa mzima kabisa.

Hivi karibuni nilinunua maziwa kwa jirani anayefuga, nikapika kama nilivyomwona Bi Salma akipika siku nilizofuatana na Tata mjini. Binti yangu alionja akakunja uso. "Mama, hii inanuka ng'ombe. Ile ya dukani ndiyo yenyewe." Alisema bila utundu wowote, kama mtu anayenisaidia nisikosee tena. Sikumwambia kwamba mdomo wake una kasoro. Alikuwa hajawahi kuonja nyingine ila ile ya dukani. Nilimtolea ya dukani, nikala yangu peke yangu, taratibu, mpaka ikaisha.