Mhariri na Mama Dakika Nne

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi simu, na kwa mikono yake sina la kusema. Simu iliyolala kwenye ndoo ya maji ataifufua huku anapiga mluzi. Tatizo lake ni mdomo, tena si mdomo wenyewe, ni vidole. Kwenye kundi letu la mabishano mtandaoni, lenye watu mia tatu na ushee, wanamwita Mhariri, kwa sababu huwezi kuandika jambo asilikosoe. Ukisema kishikwambi, atakuuliza nani kakutuma. Ukisema tableti, atakuuliza Kiswahili kimekukosea nini. Ukimjibu kwa kidole gumba tu, umemtukana. Mimi nauza makava ya simu kwenye meza hiyohiyo anayotengenezea simu, kwa hiyo namwona anavyotabasamu peke yake akishamchoma mtu.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni ujumbe wa sauti. "Maandishi unayasoma kimya, popote ulipo," aliandika. "Sauti lazima usimamishe dunia umsikilize mtu anakohoa." Na mkohoaji mkuu, kwake, alikuwa mwanamke tuliyembatiza Mama Dakika Nne. Mama huyo haandiki hata neno, anatuma sauti tu, na kila moja ni dakika nne. Anaanza kwa salamu, masufuria yanagongana nyuma yake, halafu anakuja na hoja ambayo, niseme ukweli, mara nyingi ilikuwa nzito kuliko za shemeji. Nilimpenda sana. Mwaka mzima wakabishana hivyo, mmoja anaandika, mwingine anaongea.

Mwishowe Mhariri akapeleka pendekezo: ujumbe wa sauti upigwe marufuku kundini. Msimamizi akapanga kura Jumamosi, saa kumi jioni.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, mama mmoja akasimama mezani kwetu, aproni bado kiunoni.

"Mwanangu, simu hii mimi nasikia watu, wao hawanisikii. Tangu jana. Mimi ni mpishi wa shule ya bweni, nimeomba ruhusa ya saa moja tu."

Nikamtambua kabla hajamaliza. Sauti ile! Nikamgeukia shemeji: katulia, anatafuta bisibisi. Hapo ndipo nilipong'amua jambo, nikauma midomo nisicheke. Mwaka mzima hakuwahi kufungua ujumbe wa mama yule hata mmoja. Alikuwa anasoma wenzake wamemjibu nini, anaokota la kusema humo, basi. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kutuma sauti, mama naye hakuwa na njia ya kumjua. Ningeweza kusema. Sikusema. Mimi si malaika.

"Kama ni haraka, si uandike tu, mama?" shemeji akauliza.

"Niandike kwa lipi? Shule niliacha nikiwa mtoto. Najua namba na jina langu, mengine mjukuu ananisomea. Na leo kuna kikao, yuko mtu hataki niseme. Lazima nimwahi."

Shemeji alidhani ni kikao cha ukoo. Akapandwa na hasira ya kweli. "Mtu gani huyo asiye na adabu?" Akaifungua simu, akaitoa maiki mbovu kwa kibano, akaweka nyingine.

Mafundi wengine hujaribu maiki kwa kusema halo, halo. Yeye hapana. Maiki mbovu, anasema, hupokea maneno matatu ikafa kwenye la nne, kwa hiyo lazima uongee mfululizo. Akabonyeza alama ya kurekodi kwenye ukurasa wa kwanza uliotokea, wala hakuuangalia ni wa nani.

"Haya, tunajaribu maiki. Mama huyu kaacha jiko ili aje kusema neno lake, na kuna mtu anataka kumziba mdomo. Mtu huyo, popote alipo, aone aibu. Kama hana dakika chache za kumsikiliza mtu mzima, masikio yake ni pambo tu."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda. Simu yake mwenyewe, pale kando ya kibano, ikalia, na jina kama alivyolihifadhi: Mama Dakika Nne, ujumbe wa sauti, kundini.

Akalisoma mara mbili. Akatazama simu ya mama, akatazama yake. Mimi nikashindwa, nikacheka mpaka makava yakamwagika chini.

"Ulikuwa unajua!"

"Tangu saa nne, shemeji."

Bado angeweza kuufuta kabla watu hawajausikia. Kidole kilishafika juu yake. Kisha akakiondoa, akamrudishia mama simu.

"Imepona, mama. Na mtu mwenyewe ni mimi. Mhariri."

Mama akamkagua juu mpaka chini, akacheka. "Mdogo hivi?" Halafu hakucheka tena. "Mwaka mzima ulikuwa unanijibu nini, kama hukunisikiliza?"

Shemeji akachukua simu yake, akafungua kundi. Nilimwonea huruma, nasema kweli.

"Naliondoa pendekezo sasa hivi," akasema.

"Thubutu! Uniondolee kwa huruma? Liache hapo. Nimekuja kushinda."

Akarekodi palepale, amesimama. Akawaambia watu mia tatu kwamba aliyetangulia ni fundi wake, kwamba yeye hajui kuandika na haoni aibu, kwamba kundi hilo ndilo humchangamsha viazi vikiwa motoni. "Mkiifunga sauti," akamalizia, "msidhani nimenuna. Sitakuwepo tu." Akakaza aproni, akakimbilia masufuria yake.

Shemeji akavuta kiti. Akarudi nyuma hadi ujumbe wa kwanza kabisa wa mama, akauweka sikioni, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wateja walipita wakimsikia akibishana na hewa: "Hapo sikubali!" Halafu baadaye kidogo: "Eh, hapo kweli."

Saa kumi kura zikahesabiwa. Pendekezo lilipata kura saba. Nikamuuliza kama ya kwake ilikuwamo.

"Nyamaza, shemeji," akasema, simu ikiwa bado sikioni. "Simsikii."