Masanduku Meupe Juu ya Langas

Pale Langas, mtaa wa Eldoret, ukiona ngazi ya chuma imeegemezwa ukutani asubuhi, na mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani anatembea juu ya mabati polepole kama paka, ulijua Mama Byron anatengeneza mtandao wa mtu. Jina lake mwenyewe lilikuwa Musimbi. Alitoka Vihiga akiwa msichana, akaajiriwa katika saiba, duka la intaneti, mjini Eldoret, akawachapia watu barua za kuomba kazi mpaka simu za mkononi zilipozimaliza saiba moja baada ya nyingine. Yao ilipofungwa, mwenye saiba alimwachia kompyuta kuukuu, ruta na antena. Mwingine angeviuza. Musimbi alivibeba hadi kwa Mzee Yusuf, msafirishaji ambaye malori yake yalikwenda Lodwar na Wajir, na ambaye ghorofa lake ndilo lililokuwa refu kuliko yote upande ule wa mtaa.

"Nataka kuweka kitu juu ya nyumba yako, Mzee. Hakina kelele."

"Kitaita radi?"

"Hakiiti."

"Basi weka, Mama Byron. Mimi nilinunua ploti. Hewa sikununua."

Ndivyo alivyoanza. Intaneti ilimfikia kwa waya hadi juu ya ghorofa, naye akaitawanya kwa antena nyumba hadi nyumba, kwa wanafunzi, kwa mafundi cherehani, kwa kanisa lililotaka ibada zake zionekane Uarabuni walikokwenda waumini wake. Kibali cha biashara alikuwa nacho. Masafa yenyewe, yaani ile njia ya hewani inayopitisha mawimbi, yalikuwa ya bure, yaleyale ya waifai ya nyumbani, ambayo serikali imeyaacha wazi kwa yeyote mwenye kifaa halali. Huombi leseni kuyatumia. Akija mwingine akakubana, vilevile, hakuna pa kushtaki. Hilo la pili Musimbi alilijua kama mtu anavyojua kwamba kuna kifo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kliniki ya Esther. Esther alikuwa nesi aliyefungua kliniki ndogo ya akina mama nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda Kaptagat, mahali pa bonde lenye mikaratusi mirefu ambapo simu hushika ukisimama juu ya jiwe na kupotea ukishuka. Alikuwa na mashine ndogo ya kupiga picha za tumbo la mjamzito, lakini hakuwa na daktari wa kuzisoma. Musimbi alisimamisha mlingoti nyuma ya kliniki, akaulenga kwenye ghorofa la Yusuf, na tangu siku hiyo daktari mmoja wa hospitali ya Plateau aliweza kuona picha zile papo hapo na kumwambia Esther huyu azalie hapo, huyu mlete huku haraka. Wanawake wa lile bonde walizoea kumsikia daktari wao akiongea kutoka kwenye kioo cha ukutani. Hawakujua kwamba sauti ile inapita juu ya mashamba na mapaa, kwenye uzi mwembamba usioonekana.

Halafu yakaja masanduku.

Wanaume wenye helmeti walifika asubuhi moja na lori lenye ngazi ya kujikunjua, wakapanda kwenye nguzo za barabarani na kwenye kuta za majengo ya sokoni. Walifunga masanduku meupe, kila moja kiasi cha ndoo. Hayakuwa na taa wala mngurumo. Watu waliangalia kidogo, wakarudi kwenye shughuli zao. Baada ya siku chache simu za kampuni iliyoyafunga, ambayo ni kubwa na karibu kila mtu mtaani alikuwa na laini yake, zikawa na kasi ambayo Langas haikuwahi kuiona. Video zilifunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kioo. Watu walifurahi, na Musimbi hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa na laini hiyo.

Lakini jioni watoto wakitoka shule, mtandao wake ulianza kukohoa. Unakwenda, unasimama, unakwenda. Alipanda juu na kifaa chake cha kupimia, akaona chaneli yake, kile kipande cha masafa alichokuwa akikitumia kwa miaka, imejaa mpaka pomoni. Akahamia nyingine iliyokuwa tupu. Ikamtosha siku mbili hivi. Kisha ile nayo ikajaa. Akahama tena. Mahali palipokuwa kimya jana, leo pana kitu kimekaa, kipana, hakipumui, na kila alipokipisha kilionekana kumjia nyuma. Musimbi hakuwa mtu wa kuamini uchawi, lakini siku ya tatu ya kufukuzwa hivyo alishuka ngazi katikati ya kazi, akaketi kwenye hatua ya chini.

Alikwenda ofisi ya kampuni mjini. Alitarajia kuzungushwa, ila alipelekwa kwa injinia aliyeitwa Jelagat, mwanamke kijana aliyemvutia kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sitakudanganya," Jelagat alisema. "Ni sisi. Masafa yetu ya leseni yamejaa, kila mtu siku hizi anaangalia video. Kwa hivyo tumeongezea haya ya bure. Tumeruhusiwa. Hatujavunja sheria yoyote."

"Najua hamjavunja. Lakini mbona nikihama inanifuata?"

"Haikufuati. Huo mtambo unatafuta mahali palipo kimya, unasikiliza kwanza kama kuna mtu, ndio unaongea. Sasa wewe ukihama, si pale unapoenda ni kimya?"

"Kama unasikiliza, mbona haunisikii?"

Jelagat alichukua kalamu, akachora ghorofa la Yusuf, sanduku, na kliniki kule mbali. "Hii antena yako ya kliniki iko mbali sana. Ikifika hapa kwa sanduku, sauti yake imekuwa kama mnong'ono. Mtambo unaona hiyo ni vumbi tu ya hewani. Unadhani hakuna mtu."

"Lakini niko."

"Mimi najua uko, Mama. Mtambo ndio haujui."

Hakumwacha hivyo. Alikuja mwenyewe Langas siku iliyofuata, akapanda ngazi ya Musimbi bila kuogopa, akaona kwenye kifaa jinsi chaneli zilivyojaa. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya masanduku yaliyoelekea bondeni na kuyazuia yasiguse chaneli ya kliniki. "Hii nimefanya mimi," alimwambia. "Mambo mengine yote yanaamuliwa Nairobi. Ikisumbua tena unipigie." Musimbi alimpikia chai, wakaongea habari za watoto. Mtandao ulitulia. Wiki zikapita, kliniki haikukatika hata mara moja, na Musimbi akaanza tena kulala usingizi mzima.

Kilichotokea baadaye hakikuwa na sauti wala mtu wa kukishuhudia. Programu ya masanduku yote ilifanyiwa mabadiliko kutoka makao makuu, kama inavyofanywa mara kwa mara, na mipangilio ya Jelagat ikafutika pamoja na mingine mingi. Hakuna aliyekusudia. Jelagat mwenyewe hakujua.

Ilikuwa mchana wa mvua, ile mvua ya Eldoret inayoanza na mawe. Mama mmoja alifika kwa Esther akiwa na uchungu tangu asubuhi. Esther alipiga picha, akamwita daktari wa Plateau kwenye kioo. Daktari alitazama, akamwomba ausogeze mkono wenye kifaa kushoto kidogo, akasema, "Sasa nisikilize vizuri, huyu mama," na hapo uso wake ukakatikakatika vipande vya mraba, ukaganda mdomo ukiwa wazi. Esther alingoja. Alizima, akawasha. Uso ulirudi, ukasema nusu ya neno, ukaganda tena. Huyu mama nini? Azae hapa au asogezwe? Aache kusukuma au aendelee? Esther alitoka kwenye mvua, akapanda juu ya jiwe na simu yake, akaikosa laini, akaipata, akaikosa.

Musimbi aliona kwenye kompyuta kwamba njia ya kliniki imezama. Alibadilisha chaneli akiwa palepale mezani. Njia ikainuka, ikazama. Alimpigia Jelagat, simu ikaita bila kupokelewa, akampigia Esther, laini haikushika. Akamkimbilia Mzee Yusuf, ambaye hakuuliza maswali. Alichukua ufunguo wa pikapu na wakaondoka wawili kwenye mvua ile, Yusuf akiendesha ameinamia kioo. Walimkuta Esther ameshaamua peke yake. Alimfunika yule mama blanketi, wakampakia, wakashika barabara ya Plateau.

Mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwa Esther. Alikuwa na kamba ya kitovu shingoni. Hakulia. Esther aliitoa kamba, akaanza kumsugua mgongo, na Musimbi, aliyeshika kichwa cha mama, alisikia mvua juu ya pikapu na pumzi za Yusuf, basi. Mlio ulikuja baadaye, mdogo, wa kukwaruza. Hospitali iliwapokea vizuri. Yule daktari alisema alikuwa anataka kumwambia Esther ameona kamba, amlaze mama upande na kumleta mara moja bila kungoja. Mtoto ataishi, alisema. Kama alikosa hewa kwa muda wa kumdhuru, hilo tusubiri tuone.

Jelagat alipiga simu jioni hiyo. Alipoambiwa, alifungua kompyuta yake, akakuta mipangilio yake yote imefutika.

"Naweza kuzuia tena," alisema.

"Mpaka lini?"



Asubuhi Musimbi alikuwa ofisini kwa Jelagat kabla milango haijafunguliwa. Hakuwa amekuja kulia wala kugombana. Nguvu za mambo hayo zilikuwa zimebaki kwenye pikapu. "Nyinyi mko na masafa ya leseni," alisema. "Yale mtu mwingine akigusa anashtakiwa. Ipeleke kliniki ya Esther huko. Njia yake peke yake."

"Hiyo itakuwa ni sisi tumechukua mteja wako, Mama."

"Mchukue. Lakini mchukue vizuri."

Jelagat aliipigania wiki nzima na wakubwa wake mpaka wakakubali. Mafundi walisimamisha antena ndogo ya sahani juu ya kliniki, na Musimbi akaja na ngazi yake kuondoa mlingoti aliousimamisha kwa mikono yake. Esther alitoka na kumkuta anafungua boliti.

"Si ungeiacha tu hiyo yako, Mama Byron? Iwe ya akiba."

"Nikiiacha, siku moja utaitegemea."

Esther aliushika mlingoti usianguke, wakaushusha pamoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji yanavyotafuta mteremko. Mzee Yusuf alimwita, akamkaribisha chai ya maziwa yenye iliki, akaizungukia habari yake muda mrefu. Kampuni ilitaka kukodi paa lake iweke mitambo.

"Nimekaa na wewe hapa kama dada yangu," alisema. "Ukisema nisikubali, sikubali."

Musimbi alifikiria. "Ukikataa watapanda kwa jirani, Mzee, na mimi itakuwa vilevile. Kubali."

"Nimewaambia kona yako isiguswe."

"Asante." Hakumweleza kwamba kona haisaidii, kwamba antena yake iliyokaa hatua chache tu na mitambo ile itakuwa kama mtu anayesema sala kando ya spika. Yusuf alikuwa amempa alichokuwa nacho.

Wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa heshima, wakimwomba radhi kama watu wanaohama kanisa. Mwanawe Byron alimpigia kutoka chuoni akimsihi aache, arudi Vihiga apumzike. Hakurudi. Alianza kutandaza waya, nyumba kwa nyumba, ukuta hadi ukuta, kwa wale wenye nyumba waliokubali kutobolewa dirisha. Ilikuwa kazi ngumu na ya polepole, na haikuweza kuvuka barabara kubwa wala mto. Mtaa aliokuwa akiufikia kwa kuinua antena sasa ulikuwa vipande vidogo, huku nyumba kumi, kule nyumba chache.

Mara mojamoja alikwenda kumwona yule mtoto. Alikuwa msichana, mchangamfu, mwenye macho ya kufuata kila kitu. Mkono wake wa kulia ulishika kidole cha Musimbi kwa nguvu. Wa kushoto ulichelewa. Mama yake hakumlaumu mtu. Aliambiwa mtandao ulipotea, na mtandao hupotea. Musimbi alijaribu mara moja kumweleza ilivyokuwa, akajikuta hana jina la mtu wa kutaja, akaacha.

Msimu wa mvua uliofuata alikuwa juu ya mabati, amepiga magoti, anafunga waya kwenye mbao ya paa, aliposikia lori likisimama chini. Mzee Yusuf alikuwa mlangoni kwake, ameziba jua kwa kiganja. Wanaume wenye helmeti za rangi nyingine walikuwa wanakunjua ngazi mbele ya soko, na kwenye lori yalikuwa yamepangwa masanduku, ya kijivu safari hii, mengi kuliko ya kwanza.

"Mama Byron," Yusuf aliita kutoka chini, "hao si wale wale?"

Musimbi aliwatazama wakichagua nguzo.

"Hapana, Mzee," alisema. "Hao ni wengine."