Mwarobaini wa Jumamosi

Mimi ni mtu wa Chome, na watu wa Chome tuna kiburi cha baridi. Tulikua tukiamini kwamba mbu ni mdudu wa watu wengine, wale wa huko chini wanaolala bila blanketi. Basi nilipoolewa na mwalimu wa shule ya msingi na kushushwa tambarare, upande wa Same, kwenye kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa kwa mistari utadhani madawati, kitu cha kwanza kunivunja kiburi kilikuwa homa. Wiki ya tatu tu nilikuwa hoi kitandani. Nikapelekwa zahanati, nikapewa vidonge, nikapona. Majivuno hayakurudi yote.

Nyumbani tulikuwa wanne: mume wangu, mama yake, shemeji aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge na kurudi mwisho wa wiki, na mimi. Mama mkwe alikuwa mjane mfupi, mwepesi wa miguu, na sauti yake ilifika mahali kabla yake. Kando ya jiko lake kulikuwa na mti wa mwarobaini alioupanda mwenyewe siku walipohamia pale. Kila Jumamosi asubuhi, kabla kipande cha reli hakijagongwa kutuita shamba la kijiji, alichemsha majani yake na kila mtu wa nyumba ile akapewa kikombe.

Sijawahi kunywa kitu kichungu kama kile. Uchungu wake ulikaa mdomoni mpaka saa sita, na ugali wenyewe ulikuwa na ladha ya mwarobaini. Nilipokunja uso mara ya kwanza, mama mkwe alinitazama kwa huruma kidogo sana akasema, "Kunja tu, mwanangu. Ila umeze."

Kwa dawa hiyo mama mkwe alikuwa na sheria nyingi kuliko kamati ya kijiji. Majani alichuma yeye tu, na aliyaosha kwa maji mawili. Kipimo kilikuwa nusu kikombe cha bati, mara moja kwa wiki, si zaidi. Yaliyobaki birikani yalimwagwa siku hiyohiyo. Mtoto mdogo hapewi hata kijiko. Aliye na vidonge vya zahanati hapewi mpaka amalize vidonge vyake. Na mtu akiwa na homa ya kweli, ile ya kutetemeka, hakuandaliwa kikombe chochote, aliandaliwa viatu. "Nenda zahanati," alisema. "Majani yangu hayana sindano."

Shemeji ndiye aliyezijaribu sheria hizo. Jumamosi moja mama yake alitoka kidogo, naye akajiambia kwamba kama nusu kikombe kinasaidia, birika zima litamfanya chuma. Akanywa birika zima. Siku mbili alikuwa mgeni wa choo, hakukanyaga shamba la kijiji wala la mkonge, na balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza kwa nini ndugu hakuonekana kazini, mama mkwe alimjibu kwa sauti ambayo mistari mitatu ya nyumba iliisikia: "Yuko huko nyuma anajitegemea!" Kijiji kilicheka wiki nzima. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kuketi.

Mwaka wa pili wa ndoa kicheko kilinipungua. Wanawake tulioteka nao maji walikuwa wameanza kunisalimu huku macho yakishuka tumboni, na salamu za namna hiyo zinachosha. Kisha mwezi mmoja nikapitiliza siku zangu, na wa pili nikapitiliza tena, na asubuhi harufu ya moshi ikawa inanigeuza tumbo. Nilifurahi hadi nikaogopa. Maana Jumamosi ilikuwa inakuja.

Mama yangu mzazi aliwahi kufanya kazi ya usafi katika wodi ya wazazi kule Gonja, na alirudi kutoka huko na neno moja alilolirudia kwetu wasichana wake mpaka tukalichoka: mwanamke mwenye mimba hanywi dawa ya majani kwa kufuata mkumbo, na hasa dawa chungu. Mwarobaini aliutaja. Nikakumbuka vikombe vyote nilivyokunywa kabla sijajijua, nikatokwa jasho.

Utasema, si ungemwambia tu mama mkwe? Ungekuwa umeolewa wewe, usingesema. Katika familia ile habari ya mimba ya kwanza haikutoka kinywani mwa mke. Mke alimwambia mumewe, mume akapeleka habari kwa shangazi yake, na shangazi ndiye aliyekuja na kanga mpya kumtangazia mama wa nyumba. Mke kujisemea mwenyewe ilikuwa utovu wa adabu, kama mgeni kujipakulia. Nilimwambia mume wangu. Akafurahi, akarukaruka chumbani kimyakimya ili mama yake asisikie, kisha akamwandikia barua shangazi yake aliyekuwa akiishi Msangeni. Mwalimu yule mwenye hati nzuri, aliyefundisha watu wazima wa kijiji kizima kusoma, hakuweza kumwambia mama yake maneno matatu. Nilimkasirikia sana, naye alijua.

Shangazi hakujibu. Jumamosi ilifika.

Mama mkwe alinipa kikombe changu kama kawaida. Nikasema kinachoma, nitakinywa kikipoa. Nikatoka nacho nyuma ya jiko, nikabana pua kwa vidole, nikageuza uso, nikaumwagia mchicha uliokuwa pale. Kisha nikarudi nikiwa nimekunja uso vizuri kabisa, nikamshukuru.

Jumamosi iliyofuata nikafanya hivyo tena. Safari hiyo kikombe changu kilikuwa kimefunikwa kisahani, na mama mkwe akasema amekifunika kwa sababu mimi napenda kukiacha kipoe, asije akaingia nzi. Nikaona amenisaidia, maana sikulazimika kukitazama. Jiko zima lilinuka mwarobaini, na pua yangu siku hizo haikutaka kunusa chochote. Nilikuwa natoka, nabana pua, namwaga, narudi na uso wangu wa kazi. Nilifika mahali nikajiona hodari. Mchicha nao ulinawiri, nikajisemea kumbe mwarobaini ni mbolea.

Jumamosi ya saba nilikuwa nimeinama pale nyuma, kikombe kimeinama nami, nikasikia sauti.

"Huo mchicha una homa?"

Alikuwa amesimama mgongoni mwangu, kwa mara ya kwanza bila kutanguliwa na kelele zake. Kikombe kilikuwa kimebaki robo.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Siwezi kunywa."

"Kwa nini huwezi?"

"Siwezi tu."

"Kunywa hicho kilichobaki, nikuone."

Niliwaza kwamba nikikataa nimemvunjia heshima mwanamke ambaye hajawahi kunikosea hata siku moja, na atanirudisha kwetu niwe wimbo wa Chome nzima. Nikinywa, je? Huyu aliyemo ndani, niliyemngoja huku nikitazamwa tumbo kisimani, atanisamehe? Na hapo ile hasira ya kwetu milimani ikapanda yenyewe.

"Sinywi, mama! Hata ukinifungia mizigo yangu leo hii, sinywi! Nina mtoto humu!"

Ndivyo adabu yangu ilivyoishia, nyuma ya jiko, miguu ikiwa ndani ya mchicha. Nilianza kulia. Mama mkwe alichukua kikombe mkononi mwangu, akapiga funda moja, akanirudishia chini ya pua.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa chai. Chai kavu, ya rangi, haina sukari, lakini chai.

"Jumamosi ya sita hii!" akafoka, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Mimi napanga foleni duka la ushirika, miguu inawaka, napata kipakiti kimoja cha majani ya chai, sionji hata tone, nasema hiki ni cha mwenzangu. Kumbe anayekunywa ni mchicha! Ndiyo maana umestawi mpaka watu wananiomba mbegu!"

Nilikaa chini palepale. Nikamwuliza alijuaje.

"Ukuta wangu," akasema. "Nyuma ya mtungi. Umeuchimba kwa ukucha mpaka fito zinaonekana. Panya halambi vidole."

Ni kweli. Nilikuwa nikila ule udongo kila nilipoachwa peke yangu jikoni, na nilidhani hakuna aliyeona. Yeye aliona tangu wiki ya kwanza, na kuanzia Jumamosi ya pili akanibadilishia kikombe. Akakifunika kisahani ili shemeji asijue, maana shemeji akijua asubuhi, kijiji kinajua adhuhuri. Kuniuliza hakuweza. Kama mimi nilivyomngoja shangazi, naye alikuwa anamngoja shangazi huyohuyo.

Kisha akaketi kando yangu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Wiki hiyo alikuwa amepewa majani ya kunywa na wakubwa, kikombe kizima, siku tatu mfululizo, na hakuna aliyemwuliza ana nini tumboni. "Sijui kama ni majani," akasema. "Labda si majani. Lakini tangu hapo simmiminii mwanamke bila kumtazama kwanza."

Akaniambia Jumatatu twende zahanati wote wawili nikapimwe, na pale nitaje mwenyewe vikombe nilivyokunywa kabla sijajua, nisifiche. Tulikwenda. Muuguzi alitusikiliza, akanipapasa, akasema mtoto anaendelea vizuri, na dawa za majani niziache zote. Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kuridhika, utadhani muuguzi ndiye aliyefaulu mtihani.

Shangazi alifika wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, na kanga mpya kwapani na vumbi la njia nzima usoni. Barua ilikuwa imekaa kwa jirani. Akatuketisha, akakohoa, akatangaza. Mama mkwe aliruka kutoka kwenye kigoda, akashika kifua, akapiga vigelegele, akauliza mara tatu kama ni kweli. Mume wangu alimtazama mama yake kwa mshangao wa mtu anayefikiri ameleta habari. Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu ya mke mwema, nikiuma kanga nisicheke.

Kisha mama mkwe akaingia jikoni na kurudi na vikombe. Shangazi, kwa kuwa ametoka milimani na huku kuna mbu, alipewa nusu kikombe, naye alikunja uso vibaya sana. Changu kilijaa hadi juu, na siku hiyo hakukifunika.