Pua ya Tata Librado

"Leo ama hiyo sufuria itoke, ama nitoke mimi!"

Nana Eufrosina, shangazi yangu, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, pua ameiziba kwa pembe ya shali. Mumewe, Tata Librado, hata hakugeuka. Alikuwa anakoroga gundi.

"Tangu tuoane unatoka," akamjibu. "Mlango ni huohuo, haujahama."

"Na vibanio vyangu vya nguo nirudishie! Nguo zote ziko kwenye matope."

"Vina kazi."

Kweli vilikuwa na kazi. Vilikuwa vimebana ukingo wa gitaa kwa ndani, vimejipanga kuzunguka kama meno. Hapa Paracho, mji wa mafundi magitaa, ukiona kamba ya nguo haina vibanio, ujue mle ndani kuna fundi.

Nikaingia nyuma yake. Mimi, dereva wa maparachichi, nalala chumba cha uani, na harufu ile ilikuwa imenifuata mpaka kwenye blanketi. Siongezi chumvi. Chukua mbwa aliyefia mtaroni, akanyeshewa, kisha mtu akamchemsha. Inakuingia mdomoni, inakukaa kwenye ulimi. Nilikuwa natema mate njia nzima.

"Tata, hicho kitu kimeoza," nikasema.

"Mwingine huyu. Gundi ya ngozi inanuka, Nabor. Ukitaka ubani nenda kanisani."

Ndivyo alivyo. Mafundi wengi hapa walishahamia gundi nyeupe ya chupa, yeye hataki hata kuisikia, anaiita maziwa ya plastiki. Anachukua mabaki ya ngozi kwa mchinjaji, anayaloweka, anayapasha moto taratibu, sufuria ndani ya sufuria ya maji. Baba yake alifanya hivyo. Hata kidole gumba kimepinda kama cha baba yake, kwa kusukuma randa. Akitaka kujua ubao, anaugonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, anaguna, anaurudisha. Mafundi wenzake wanamletea mbao zao awagongee. Lakini kwenye maonyesho ya magitaa ya Agosti hajawahi kushinda kitu, na hilo linamuuma ingawa anajifanya halimuumi.

Mwaka huu alikuwa ametoa ubao wa mwerezi alioulaza chini ya kitanda tangu binti yake akiwa mchanga. Ndio uliokuwa uso wa gitaa hili. Siku hiyo alikuwa anataka kufunga mgongo, na ukishafunga mgongo, basi. Kosa likibaki ndani limebaki, mpaka upasue.

Sasa gundi nzuri naijua, nimekulia humu. Inanuka, ndiyo, lakini inanuka supu ya kwato. Hii ilikuwa na povu la kijivu pembeni, na kila alipokoroga ilitoa kiputo, kiputo kinapasuka. Mvua ilikuwa haikatiki, na yeye alikuwa anaongeza mpya juu ya ya zamani bila kuosha sufuria.

"Ionje basi!" shangazi akasema. "Si unasema nzuri?"

"Acheni niweke kitu tumboni kwanza."

Akavuta bakuli lililokuwa dirishani. Churipo, ile supu yetu nyekundu ya nyama na kabeji. Akachovya korunda, andazi letu la mahindi, akala. Nikaona uso wa supu umefanya utando, na kabeji ina utelezi kama konokono amepita. Harufu ya uchachu ilinifikia nilipo, tena katikati ya ule uvundo wa gundi! Yeye anatafuna tu. Akalamba kidole.

"Librado!" Shangazi alipiga kelele. "Hiyo ni ya kulisha nguruwe! Iko hapo tangu juzi!"

Akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia dirishani, nikatapika kwenye maua ya shangazi.

Niliporudi nikifuta mdomo, shangazi alikuwa bado anamkodolea macho mumewe. Tata ameshika bakuli, anatuangalia kama mtu aliyefumaniwa.

"Tata," nikasema, "wewe husikii harufu."

"Nasikia."

"Hii inanuka nini?"

Akainusa. Akainusa tena. "Pilipili," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayebahatisha.

"Tangu lini?" shangazi akauliza.

"Mwaka juzi. Vumbi hili, na ile vanishi. Kwanza ulikwenda mwerezi. Halafu kahawa. Halafu wewe." Akaweka bakuli chini. "Fundi hana pua, nani atamletea kazi? Na wewe kila siku unalia gundi inanuka, Eufrosina. Ningejuaje leo unalia kweli?"

Shangazi akalisogeza lile bakuli mbali naye.

Kisha Tata akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Akaligeuza gitaa, akaingiza ukucha chini ya ubavu mmoja, mojawapo ya vile vijiti vinavyoshikilia uso kwa ndani, alivyokuwa ameshavigandisha kwa gundi ileile. Ukabanduka kama gamba la kidonda, ukaacha utelezi wa njano. Akabandua wa pili. Wa tatu. Hakuna hata mmoja uliobisha.

"Nilidhani ni unyevu wa mvua," akasema.

"Maonyesho?" nikauliza.

"Maonyesho gani? Nikapeleke uozo huu mbele ya watu?" Akaanza kuukwangua ule utelezi kwa patasi, anafuta kwenye suruali, jamani, kwenye suruali. "Mwakani. Eufrosina, nikipika mpya, wewe utainusa."

"Mimi? Kitu nisichotaka hata kukiona?"

"Ndiyo. Wewe unazijua harufu zote mbili, inayokukera na inayokutia kichefuchefu."

"Nirudishie vibanio kwanza."

Akaanza kuvibandua kimoja kimoja, anampa. Kila kimoja kilikuwa na kamasi ya gundi, na shangazi alivipokea kwa ncha za vidole, amekunja uso, lakini alivipokea. Hakuondoka pale.

"Nabor," Tata akaniita, "kamwage hii sufuria mbali. Mbali kabisa."

"Kaimwage mwenyewe, Tata. Wewe ndiye huna pua."

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Nikamwachia sufuria yake, nikachukua funguo za gari. Nilikuwa na maparachichi ya kupeleka sokoni Uruapan, na mengine yalikuwa yameshaanza kulainika.